Kitambi cha mzee aliyeondolewa korodani: uchambuzi wa kisa

Mgonjwa wetu ni fundi seremala wa miaka 66, mkazi wa Tanga. Ni kisa cha mfano. Nimekiunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa wazee wenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa, kwa hiyo umri, uzito na vipimo vyake ni vya mfano. Takwimu za tafiti nitakazozitaja ni za kweli.

Alianza kama wanavyoanza wengi. Mkojo ulikuwa ukikatika-katika, usiku anaamka mara nne, kisha yakaja maumivu ya kiuno ambayo yeye aliyasingizia kuinama kwenye benchi la kazi. Kipimo cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, kilikuwa juu sana, kinyama kilichokatwa kwenye tezi kikathibitisha saratani, na picha zikaonyesha kwamba imeshafika kwenye uti wa mgongo. Akaelezwa njia mbili: sindano ya kuzima homoni za korodani kila miezi mitatu, au kuondolewa korodani zote mbili kwa upasuaji wa mara moja. Sindano zina bei, na kila moja ina nauli yake. Mzee alichagua upasuaji. Maumivu ya mgongo yalipungua upesi, PSA ikaporomoka, na hospitali ikaridhika naye.

Mwaka mmoja baadaye mkewe ndiye aliyemrudisha kliniki, naye hakuja kwa habari ya saratani. "Mwanangu," alimwambia tabibu, "huyu mzee hali sana, lakini tumbo linakuja. Na mikono inakwisha." Mzee mwenyewe alieleza kwa lugha ya kazi yake. Zamani ubao wa mvule wa futi nane alikuwa anaupiga randa mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Sasa randa inamkwama katikati, bega linawaka, na kijana wake anampokea. Mkanda wa suruali ameuhamisha matundu matatu, na kwa kuwa suruali haikai tena kiunoni, anaifunga chini ya kitambi. Shati linabana kifuani, tena si kwa ukakamavu.

Vipimo vilisema hivi. Uzito ulitoka kilo 71 kwenda 74. Kiuno kilitoka sentimita 88 kwenda 97. Kuinuka kitini mara tano bila kushika kitu kulimchukua sekunde 18, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 kuhusu kudhoofika kwa misuli unahesabu zaidi ya sekunde 15 kuwa ni dalili ya udhaifu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.3, yaani bado si kisukari lakini yupo kizingitini. Testosteroni, homoni ya kiume, ilikuwa nanogramu 22 kwa desilita.

Nyumbani maelezo yalikuwa yameshapatikana, tena mafupi: mzee anageuka mwanamke. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuyaamini, na ndiyo maana kwa miezi kadhaa alikuwa haendi msikitini mapema, asije akakaa na wenzake barazani. Hapa ndipo kisa kinapostahili kuchambuliwa kwa makini, kwa sababu maelezo hayo si ya kikatili tu. Si sahihi.

Tuanze na alichopoteza. Korodani hutengeneza karibu asilimia 95 ya testosteroni ya mwanamume. Kiasi kidogo kinachobaki hutokana na tezi zilizo juu ya figo. Korodani zikiondolewa, kiwango hushuka hadi sakafuni ndani ya nusu siku. Mwanamume mzima huwa na takriban nanogramu 300 hadi 1,000, na baada ya upasuaji hutarajiwa kuwa chini ya 50. Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni hii, jambo lililoonyeshwa na Charles Huggins na wenzake huko Chicago mwaka 1941, na lililompa Huggins Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kuinyima saratani chakula chake ndiyo tiba. Tatizo ni kwamba misuli nayo inakula sahani hiyohiyo.

Ndani ya seli ya msuli kuna vipokezi vinavyoishika testosteroni na kuingia nayo kwenye kiini, ambako huamrisha protini zaidi itengenezwe. Homoni hiyo pia huziamsha seli changa zinazokarabati nyuzi za misuli, na huzisukuma seli ambazo bado hazijachagua kazi ziwe za msuli badala ya kuwa za mafuta. Bila amri hiyo, msuli haufi siku moja. Unabomoka kidogo kidogo kama kawaida ya kila siku, ila ukarabati unachelewa. Bega la fundi linajua kabla ya mizani.

Upande wa misuli, basi, hauna utata. Kitambi ndicho chenye mambo.

Jibu la haraka ni kwamba testosteroni huchoma mafuta, ikiondoka mafuta yanajaa. Ni jibu linalosikika sana, hata kwa wahudumu wa afya. Lakini mwaka 2013 Joel Finkelstein na wenzake wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichapisha jaribio lililolitikisa, na kwangu mimi ni miongoni mwa majaribio yaliyobuniwa kwa akili zaidi katika fani hii. Waliwachukua wanaume wazima wenye afya, wa miaka 20 hadi 50, wakawazimia korodani kwa sindano ya goserelini, ile ile wanayopewa wagonjwa wa tezi dume. Kisha wakawarudishia testosteroni kwa jeli ya kupaka kila siku kwa wiki 16, kila kundi na kipimo chake: wengine jeli tupu isiyo na homoni, wengine gramu 1.25, 2.5, 5 au 10. Hao walikuwa 198.

Wakachukua wanaume wengine 202 na kuwafanyia vilevile, ila hawa waliongezewa kidonge cha anastrozoli. Kazi ya kidonge hicho ni kuzuia aromatesi, kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni tuliyozoea kuiita ya kike. Maana mwanamume naye ana estrojeni, na karibu yote huipata kwa njia hiyo: testosteroni yake inapopita kwenye mafuta na viungo vingine, sehemu ndogo hugeuzwa. Mzee wa miaka 66 mwenye korodani zake ana estrojeni nyingi katika damu kuliko mke wake wa umri huohuo aliyekwisha kukoma hedhi. Ukiwaambia watu jambo hili barazani wanacheka, lakini ndivyo damu inavyosema.

Kwa hiyo Boston walikuwa na makundi mawili: moja lenye testosteroni pamoja na estrojeni inayotokana nayo, jingine lenye testosteroni peke yake. Tofauti kati yao ndiyo ingeonyesha homoni ipi inafanya nini. Misuli ilifuata testosteroni: ilipopungua sana, nyama ya paja ilipungua, na kwa waliopaka jeli tupu hata nguvu ya kusukuma kwa miguu ilishuka. Mafuta hayakufuata mkondo huo. Yalifuata estrojeni. Walionyimwa estrojeni waliongezeka mafuta hata pale ambapo testosteroni ya jeli ilikuwa ya kutosha. Hamu ya tendo la ndoa ilihitaji zote mbili.

Kuna jambo jingine dogo mle ndani ambalo hupitwa haraka. Katika kundi la kwanza mafuta yalianza kuongezeka mapema, kwa waliopaka gramu 2.5, ambao wastani wao wa testosteroni ulikuwa 337, kiwango ambacho maabara nyingi zingekiita cha kawaida. Nyama ilianza kupungua kwenye gramu 1.25, na wastani hapo ulikuwa 191. Nguvu ilishuka kwa wale wa jeli tupu tu, waliobaki na 44. Mafuta hutangulia, nyama hufuata, nguvu huja mwisho. Fundi anayesema "nguvu zimekwisha" amefika mwisho wa foleni. Yale mengine yalianza kitambo.

Sasa turudi kwenye neno la nyumbani. Kama mzee angekuwa anageuka mwanamke, mafuta yake yangekwenda kwenye nyonga, makalio na mapaja, kwa sababu huko ndiko estrojeni inakopeleka akiba kwa mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa. Seli za mafuta za mapajani zina uwezo mkubwa wa kuyavuta mafuta kutoka kwenye damu, na zina vipokezi vinavyozuia yasitoke ovyo. Ndiyo maana msichana na mvulana walioachana kimo kidogo tu wanapobalehe hutokea na maumbo mawili: mmoja anajaza nyonga, mwingine anapanuka mabega na kubakiwa na mafuta machache, ambayo akizeeka yatajikusanya tumboni. Mzee wetu hakuongezeka nyonga hata sentimita moja. Ameongezeka tumbo. Hakupata homoni ya kike. Amepoteza hata ile kidogo aliyokuwa nayo.

Aliyefanana naye zaidi ni yule aliyekaa pembeni yake kliniki. Mkewe alikoma hedhi miaka mingi iliyopita, na yeye pia aliona khanga aliyokuwa akiifunga nyongani ikianza kulalamika tumboni. Ovari zikinyamaza, akiba ya mwanamke huhama kutoka mapajani kuja kiunoni. Mzee alipoeleza joto linalompanda ghafla usiku mpaka anavua fulana na kusimama chini ya feni, mama alimgeukia akasema, "Ndiyo hayohayo niliyokuwa nakwambia, ukasema nina malaria." Chanzo ni kilekile: estrojeni imeshuka ghafla, na sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili imechanganyikiwa.

Ushahidi mwingine uko kwa wanaotibiwa kwa njia tofauti. Bikalutamidi ikitumika peke yake haizimi korodani, bali huziba vipokezi vya testosteroni. Homoni inabaki tele kwenye damu, inaendelea kugeuzwa kuwa estrojeni, na wengi wa wanaume hao huota matiti yanayouma. Huko ndiko kunakokaribia yale maneno ya mtaani. Uingereza, katika jaribio la PATCH, wagonjwa wa tezi dume wamepewa estrojeni yenyewe kwa kibandiko cha ngozini. Testosteroni yao inashuka kwa sababu ubongo, ukiona estrojeni imejaa, unaacha kuziamrisha korodani. Wanaume hao huota matiti zaidi ya wanaochomwa sindano, lakini sukari na mafuta ya damu yao hukaa vizuri zaidi na joto la ghafla huwasumbua kidogo. Matokeo hayo yanakwenda sambamba kabisa na yale ya Boston.

Wafugaji wetu walikuwa wanajua nusu ya habari hii zamani. Beberu akihasiwa hunenepa, nyama yake hulainika, na ndiye anayefaa kuwa ndafu wa harusi. Ila mbuzi huhasiwa mdogo na hulishwa kwa makusudi anenepe, ilhali mzee wetu amehasiwa utuzimani, msuli ukiwa umeshajengwa kwa miaka 40 ya randa na msumeno. Anao mtaji wa kupoteza, na anao wa kuulinda.

Kosa kubwa katika ufuatiliaji wake lilikuwa kutazama mizani peke yake. Kilo tatu kwa mwaka hazimshtui mtu; hata zingeweza kuitwa kupona. Lakini mizani hujumlisha kilichoongezeka na kilichopungua. Mwaka 2002 Matthew Smith na wenzake, nao wa Boston, walipima miili ya wanaume waliotibiwa kwa wiki 48 kwa sindano ya leuprolidi, ya kundi moja na goserelini. Uzito uliongezeka kwa asilimia 2.4 tu. Ndani ya uzito huo mafuta yalikuwa yameongezeka kwa asilimia 9.4, na mwili usio mafuta, ambao sehemu kubwa ni misuli, umepungua kwa asilimia 2.7. Mafuta mengi ya tumboni yalikuwa ya chini ya ngozi. Tafiti za baadaye zimeona hata yale ya ndani, yanayozunguka utumbo, yakiongezeka.

Na sukari ya 6.3 si ajali. Msuli ndio mteja mkubwa wa sukari baada ya mlo. Ukipungua, na mafuta yakaongezeka, insulini inafanya kazi ngumu zaidi. Nancy Keating na wenzake walipofuatilia kumbukumbu za wanaume 73,196 wa Marekani wenye saratani ya tezi dume, wa miaka 66 na kuendelea, waliona hatari ya kupata kisukari ikiwa juu kwa asilimia 44 kwa waliochomwa sindano za kuzima homoni, na kwa asilimia 34 kwa walioondolewa korodani. Utafiti huo ni wa 2006. Kipimo cha sukari kila baada ya miezi michache kingepaswa kuwemo kwenye mpango wa mzee tangu siku ya kutoka wodini. Hakikuwemo, wala hakuna aliyemweleza mwili wake utabadilika vipi. Aliambiwa atapona mgongo, akapona mgongo.

Familia haikukaa bure. Mama alimwongezea chakula ili apate nguvu: supu ya makongoro asubuhi na chapati mbili, chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne, na usiku ugali wa kushiba. Kwa mwili usio na amri ya kujenga msuli, na mwenyewe ameacha kufanya kazi, sehemu kubwa ya nishati hiyo ilikwenda tumboni. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli, lakini yalimwongezea kiuno.

Kijana wake ndiye aliyekaribia kuleta maafa. Alirudi kutoka Dar es Salaam na kopo la vidonge vya "kurudisha nguvu za kiume", la rangi nyeusi na dhahabu, lisilo na orodha ya maana ya vilivyomo. Muuzaji alimhakikishia kwamba vinapandisha homoni. Kama havipandishi, ni hela iliyopotea. Kama vinapandisha kweli, vinairudishia saratani chakula ambacho mzee alilala kwenye meza ya upasuaji ili kuinyima. Katika mambo yote ya kisa hiki, hili ndilo lisilo na mjadala: mgonjwa wa aina hii hapewi testosteroni, wala kitu chochote kinachodai kuipandisha, awe amepewa na mwanawe au na rafiki wa mazoezini. Kopo liliishia kwa tabibu.

Je, nini kinabaki kama homoni haiwezi kurudishwa? Kinabaki kile ambacho msuli hukisikia hata bila homoni, yaani uzito. Msuli unaovutwa hujibu. Hujibu kwa unyonge zaidi kuliko wa mtu mwenye testosteroni, lakini hujibu. Huko Perth, Australia, Daniel Galvão na wenzake waliwafanyisha mazoezi ya uzito na ya pumzi wanaume waliokuwa kwenye tiba ya kuzima homoni, kwa wiki 12. Washiriki wa jaribio walikuwa 57, na waliofanya mazoezi walipata nyama na nguvu kuliko walioendelea na huduma ya kawaida. Kabla yao, mwaka 2003, Roanne Segal na wenzake wa Kanada walipima wanaume 155: mazoezi ya uzito mara tatu kwa wiki yaliwapa nguvu na kuwapunguzia uchovu, lakini kiuno hakikupungua. Nalitaja hili la mwisho kwa makusudi, kwa sababu washauri wengi huahidi kitambi kitayeyuka. Mzee hakuahidiwa hivyo.

Alichopangiwa kilianza na mgongo wake. Mifupa yenye saratani haibebeshwi gunia wala kukunjwa huku ikizungushwa, kwa hiyo picha za uti wa mgongo ziliangaliwa upya kwanza na daktari akaruhusu. Kisha akaanza nyumbani: kuinuka kitini na kukaa, seti tatu za mara nane, kusukuma ukuta, na kuvuta mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uliofungwa kwenye nguzo ya kibanda chake cha kazi, mara tatu kwa wiki. Akarudi kwenye randa pia, mbao fupi kwanza, benchi likiwa limeinuliwa kwa matofali ili asiiname. Kila asubuhi anatembea hadi sokoni na kurudi. Chapati ikawa ya Ijumaa, sukari ya chai ikashuka hadi kijiko kimoja, na dagaa, maharage na mayai vikachukua nafasi kwenye sahani. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana faida ya pili, kalisi, na mifupa ya mzee inaihitaji, kwani kukosa estrojeni huidhoofisha kwa mwanamume kama inavyoidhoofisha kwa mwanamke.

Mama ndiye aliyeshika futi kamba. Baada ya miezi sita kiuno kilikuwa 93, uzito 73, kuinuka kitini mara tano kulichukua sekunde 13, na sukari ya asubuhi ilikuwa 5.8. Testosteroni ilikuwa palepale chini, kama inavyotakiwa, na PSA haikupanda. Joto la usiku halijamwacha. Kifua nacho hakikurudi kama zamani.

Siku hiyo mzee aliuliza swali moja tu, na halikuwa lake. Mdogo wake wa Muheza amegunduliwa na ugonjwa huohuo na anachagua kati ya sindano na upasuaji. Je, mwili wake utapitia hayahaya? Akaelezwa kwamba ndiyo, njia zote mbili huzima homoni zilezile, ila sindano zikisimamishwa korodani zinaweza kuamka tena baada ya miezi, kwa wengine taratibu sana na kwa wazee mara nyingine zisiamke kabisa, ilhali upasuaji hauna kurudi. Mdogo mtu aanze na futi kamba, kipimo cha sukari na zoezi la kiti kabla ya sindano ya kwanza, asingoje mwaka upite. Mzee akaomba aandikiwe kwenye karatasi, maana basi la Muheza lilikuwa linaondoka saa nane.